Pengo la Boriti

Nyemo alikileta ndani ya kiroba cha mbolea,
miguu juu, kama kuku wa mnadani,
akakilaza mezani pangu, Chang'ombe, saa nne asubuhi,
upepo wa Juni ukigonga bati kama mdai.
"Mzee, ulikagua magogo pale stesheni.
Niandikie karatasi tu: mpingo. Cha Kimakonde.
Kuna mtu Arusha ameahidi milioni mbili."

Sikumjibu. Kwanza ni kukipakata.
Mpingo ni mzito kama deni la ukoo;
hiki, kimo cha mtoto wa miaka mitatu,
nilikiinua kwa mkono ninaoshikia kikombe.

Beseni. Kikaelea pua juu,
kama kiboko wa Mtera anayesubiri watu waondoke.
"Labda kimekauka," alisema Nyemo.
Mpingo haukauki mpaka ukasahau kuzama.

Kisha wembe. Chini ya kitako, pasipoonekana,
nikakwangua upana wa ukucha.
Weusi ukabaki kwenye wembe, laini, wenye mafuta.
Haukuwa wa mti, wala kiwi ya wachuuzi.
Nikaunusa: samli, mavi ya ng'ombe yaliyowaka,
uji wa uwele uliofurika jikoni
kabla mimi sijazaliwa.
Chini yake, kahawia ya asali.

Mabanzi mawili nikayatia kwenye glasi ya maji,
tukaiweka dirishani, juani, tukangoja.
Maji yakaota ubuluu, hafifu, wa shingo ya njiwa.
Marehemu Chilewa, aliyenifundisha kazi,
angesema: huyo ni mninga, ametia saini.

"Kwa hiyo si cha Mtwara?"
Tazama ndewe, nikamwambia, zimevutwa hadi begani.
Tazama pajini: kiduara kimoja.
Mkono wake ukapanda wenyewe
kugusa kiduara chake.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kichwa na nyayo.
Lile uliloliita taji, Nyemo,
ni pengo la kina cha ngumi, limesagika upande mmoja.
Taji halisagiki. Husaga boriti.
Huyu alikuwa nguzo. Alibeba tembe,
udongo wote ule, na mbuzi waliopanda juu yake,
na mvua mbili tatu za mwaka.

Na nyayo: mwili mzima umekwenda kwa tezo,
mapigo mafupi ya mtu asiye na haraka.
Huku chini ni msumeno.
Umeanzwa mara tatu, ukateleza, ukaenda mshazari.
Aliyekata alikuwa gizani,
au lori lilikuwa linaunguruma nje.

Nyemo akavuta stuli, akakaa.
"Mwaka wa operesheni," akasema.
"Baba alikuwa na miaka sita. Alituambia
alitembea kutoka Handali kwa miguu
kwa sababu mgongo wa mama yake ulikuwa umejaa.
Tulimcheka. Umejaa nini,
na yeye ndiye mwanawe wa pekee?"

Nilichukua kalamu kwa kuwa sikuwa na la kusema.
Mti: mninga.
Kazi: nguzo ya nyumba, sehemu ya juu.
Mchongaji: nikaacha mstari.
Hapo sina kipimo.
Aliyekata: nikaanza kuandika, nikafuta,
fomu yangu haina nafasi hiyo.

Hakuipokea karatasi. Alikunja ngumi,
akaiweka ndani ya pengo, ikatosha,
akaiacha humo muda mrefu kidogo
kuliko inavyohitajika kupima.
Halafu, kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Mninga siku hizi ni shilingi ngapi kwa futi?"
Nikamtajia. Akacheka mpaka akafuta macho.

Kiroba alikiacha pale sakafuni.
Alifungua kanga kiunoni, akainama,
nikamsaidia kukipandisha mgongoni.